Pampasi za watu wazima: aina kwa aina, na hela inapopotelea

Ukiingia duka la dawa ukaomba pampasi ya mtu mzima, mara nyingi utaulizwa swali moja tu: "Ya kati au kubwa?" Ukishajibu unapewa pakiti iliyo karibu na mkono wa muuzaji, na hasara inaanzia hapo. Saizi ni jambo moja kati ya mengi. Pampasi zinatofautiana kwa namna zinavyovaliwa, kiasi zinachobeba, kasi ya kunyonya na plastiki ya nje, na mgonjwa wa kitandani hahitaji kile anachohitaji mama anayevuja kidogo akikohoa. Tathmini hii inazipitia aina zinazopatikana Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na miji mingine ya kwetu, kwa jicho la mtu anayelipa kutoka mfukoni na anayetaka mzee wake alale mkavu.

Anza na mizani ya jikoni. Pima pampasi kavu, andika uzito. Ukiitoa imelowa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni uipime tena. Gramu moja ya tofauti ni kama mililita moja ya mkojo. Fanya hivyo kila unapobadilisha, mchana na usiku, kwa siku tatu. Utajua kama mgonjwa anatoa mililita 150 kila baada ya saa mbili au anaachia 500 kwa mkupuo alfajiri, na hao ni wateja wa bidhaa mbili tofauti. Bila hesabu hiyo, ama unanunua kubwa kuliko mahitaji, ama unanunua hafifu na kubadilisha mara nane kwa siku.

Namba za kwenye pakiti zisomwe kwa tahadhari. Kampuni nyingi hupima kwa kipimo cha ISO 11948-1: bidhaa nzima inazamishwa kwenye maji ya chumvi, inatolewa, inachuruzika, kisha inapimwa imebaki na kiasi gani. Mwilini mambo ni mengine. Mkojo unatua sehemu moja, kwa kasi, huku mtu amekaa au amelala juu yake. Pakiti ikisema mililita 2,000, panga matumizi yako kwa nusu yake au pungufu. Matone yaliyochorwa nje nayo si kipimo cha wote. Nembo ya TENA inachora matone, ya MoliCare nayo inachora, lakini kila moja ina ngazi zake, kwa hiyo usilinganishe matone ya huyu na ya yule.

Kipimo cha kuaminika zaidi utakifanya mwenyewe mezani. Omba duka likuuzie vipande viwili rejareja, mengi yanakubali. Chukua nusu lita ya maji ya uvuguvugu, koroga chumvi gramu nne na nusu, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Chumvi ni ya lazima, kwa sababu punje za kunyonyea zilizo ndani ya pampasi hunywa maji matupu kwa wingi zaidi kuliko zinavyonywa mkojo, na ukipima kwa maji ya bomba kila pampasi itafaulu. Tandaza pampasi, mimina mililita 300 katikati kwa sekunde kama 15. Angalia kwanza mwendo: maji yanazama mara moja, au yanakimbilia pembeni kama juu ya meza? Yakikimbia, hata kiini, yaani sehemu ya ndani inayonyonya, kingekuwa kizito namna gani, mgonjwa atavuja mapajani kabla kiini hakijaanza kazi. Subiri dakika tano, weka kitambaa cheupe kikavu juu, kandamiza kwa kiganja kwa nguvu, uhesabu hadi 15. Pampasi nzuri inaacha unyevunyevu tu. Mbovu inakurudishia maji kitambaani, na hayo ndiyo maji yatakayokaa kwenye makalio ya mtu usiku kucha.

Kipande cha pili kichane. Ndani kuna pamba laini inayotengenezwa kwa mbao na, kama umenunua vizuri, punje nyeupe mfano wa sukari. Kitikise juu ya karatasi nyeusi uzione. Punje ndizo zinazogeuka jeli na kushika mkojo usirudi; pamba peke yake inabeba, lakini ikikaliwa inaachia. Ndiyo maana unene si ubora. Zile pampasi nene zinazojaza mkono, zinazouzwa kwenye mifuko mieupe isiyo na nembo, mara nyingi ni pamba nyingi na punje chache. Baada ya kuangalia, kusanya punje zote utupe kwenye taka kavu. Zikimwagikiwa maji sakafuni zinateleza vibaya, na zikiingia kwenye sinki zinavimba.

Sasa aina zenyewe.

Pampasi ya kufunga kwa gundi pembeni ndiyo ya mgonjwa wa kitandani, mwenye kiharusi au aliyeumia uti wa mgongo, kwa sababu inavalishwa amelala. Zipo za plastiki laini nje na zipo zinazofanana na kitambaa. Ya plastiki inazuia harufu na mara nyingi ni ya bei nafuu, ila kwa joto la pwani inapika ngozi. Ya kitambaa inapumua, na nyingi zina vishikizo vya kunasa vinavyoshika popote na kufunguka tena bila kuharibika. Kwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja tungelipa zaidi kidogo kwa ajili ya hiyo ya pili. Zile za gundi ya kawaida zina adui mmoja, mafuta. Kidole chenye losheni kikigusa gundi, haishiki tena, na pampasi nzima imekwenda. Mvalishe pampasi kwanza, mikono yako ipake mafuta baadaye.

Ya kuvuta kama chupi inapendwa kwa sababu inamwachia mtu heshima yake: anaivaa mwenyewe, haionekani chini ya suruali, na anaweza kuishusha akiwahi choo. Kwa mzee anayetembea, ni chaguo zuri. Kwa anayelala kitandani ni kutupa hela. Kuibadilisha lazima umvue suruali yote na umnyanyue miguu, na kwa bei ileile kawaida inabeba kidogo kuliko ya kufunga. Ikishalowa usiivute chini. Chana mshono wa pembeni kulia na kushoto, uitoe kwa mbele ukiikunja. Wauzaji wengi hawalisemi hili, na wahudumu wanaishia kupaka mkojo na kinyesi mapajani.

Aina inayosahaulika, na ambayo kwa hesabu zetu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, ni pedi kubwa ya umbo la mtumbwi inayovaliwa ndani ya chupi ya wavu. Pedi haina mbawa wala gundi za kiunoni, kwa hiyo hulipii kile kisichonyonya. Chupi ya wavu inafuliwa na kurudiwa mara kadhaa kabla lastiki haijalegea. Joto ni kidogo, kubadilisha ni haraka. Udhaifu wake ni kwamba inategemea chupi iliyobana. Ukiivalia bukta pana inahama, na ikihama sentimita tatu tu, umelowa. Maduka ya vifaa tiba yaliyo karibu na hospitali kubwa, kama yale ya jirani na Muhimbili, ndiyo mahali pa kuanzia kuulizia, maana duka la dawa la mtaani huenda lisiwe nazo.

Pedi za hedhi zinatumiwa sana badala ya hizi, na kwa kuvuja matone machache zinasaidia. Ila zimetengenezwa kwa damu, inayotoka polepole na kidogokidogo. Mkojo unakuja kwa kasi, pedi inazidiwa, na harufu inatoka mapema. Ukiona unatumia pedi tano za hedhi kwa siku, huenda pedi mbili za mkojo zikakugharimu pungufu.

Na kuna kosa moja la kila siku: kuvaa pampasi mbili, moja juu ya nyingine, "ili ya nje idake". Haidaki. Ya ndani ina plastiki mgongoni, kwa hiyo mkojo ukizidi unatokea pembeni na kuingia kwenye shuka, ile ya nje ikiwa karibu kavu. Wengine wanatoboa matundu kwenye plastiki ya ndani. Kiini kinachanika na jeli inamwagika kwenye ngozi. Kinachotakiwa ni pedi ya kuongezea, ambayo haina plastiki mgongoni, inajaa kisha inapitisha kwenda chini. Ukiikosa, kipande cha taulo la pamba kilichokunjwa mara mbili ndani ya pampasi kinaongeza muda, kinatolewa na kufuliwa.

Tukifika kwenye kitambaa, hapa ndipo fedha inaokolewa kweli, mradi kuna maji na mikono ya kufua. Kanga peke yake ni nyepesi mno, inalowa na kupitisha mara moja. Nepi ya kushona iwe na tabaka mbili au tatu za taulo la pamba katikati, na juu, upande wa ngozi, kitambaa chembamba cha polista kama cha jezi za mpira. Polista yenyewe hainywi maji. Inayapitisha kwenda kwenye taulo, ngozi ikabaki na afueni. Usishone tabaka zote pamoja hadi kingo zote nne, maana nepi nene iliyozibwa haikauki kwa siku moja masika. Acha upande mmoja wazi kama foronya, uchomoe taulo, uanike mbalimbali. Nje ivaliwe chupi ya plastiki yenye lastiki isiyokata paja. Kwa mtu mmoja andaa nepi 10 hadi 12, ili zilizo kwenye ndoo, kwenye kamba na kabatini zitoshe.

Kufua: suuza kwanza kwa maji ya baridi mpaka harufu ya mkojo iishe, kisha sabuni ya unga, kisha suuza vizuri na uanike juani. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, inaacha utando na nepi inaanza kukataa maji. Na usimwage Jik kwenye nepi yenye mkojo ambayo haijasuuzwa. Dawa hiyo ya klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa inayochoma macho na mapafu, na mabafu yetu mengi ni madogo, dirisha moja. Jik pia inakula lastiki, kwa hiyo hata baada ya kusuuza, kidogo tu na mara mojamoja.

Kitanda kina kinga yake. Mpira uleule wa makintoshi ambao kina mama huambiwa waende nao kujifungua unafaa kabisa: unatandikwa juu ya godoro, juu yake shuka, juu ya shuka kipande cha blanketi la pamba au taulo kinachoanzia kiunoni hadi magotini. Mgonjwa asilale moja kwa moja juu ya mpira. Atatokwa jasho na ngozi italainika. Zile karatasi za kulalia zinazotupwa ni nzuri wakati wa kumsafisha mtu au safarini, lakini kuzitumia kama pampasi ni gharama isiyo na sababu. Zinabeba kidogo na zinajikunja chini ya mgongo, na kila mkunjo ni mwanzo wa kidonda.

Kwa mwanaume ambaye hana kinyesi cha kuvuja, ulizia mpira unaovalishwa uumeni kama kondomu, wenye bomba linaloshuka kwenye mfuko wa mkojo. Unabadilishwa kila siku, ngozi inasafishwa na kukaguliwa. Saizi ni ya kupima. Ukibana unaumiza, ukilegea unatoka. Usifunge kwa plasta ya kawaida kuzunguka uume, kwa sababu plasta haitanuki na inaweza kukata damu. Aliye kitandani mwenye fahamu zake anaweza asihitaji hata hicho: kopo la mkojo lenye mdomo mpana, lililowekwa mahali mkono unafika, linapunguza pampasi za mchana kuliko bidhaa yoyote tuliyoitaja.

Saizi pimeni kwa futi ya fundi cherehani. Pima kiuno, pima nyonga mahali palipo panapana, chukua namba kubwa, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye pakiti hiyohiyo, kwa kuwa L ya kiwanda kimoja inaweza kuwa M ya kingine. Watu hununua kubwa wakidhani itabeba zaidi. Kinachotokea ni nafasi wazi kwenye mapaja, na kuvuja. Alama za lastiki zilizozama kwenye ngozi na kubaki muda mrefu zinaonyesha kinyume chake.

Uvaaji mbovu unaharibu hata bidhaa ya bei kali. Ikunje pampasi kwa urefu kwanza, iwe kama mtumbwi, ili zile kuta ndogo zenye lastiki za ndani zisimame. Zikilala zimebanwa chini hazizuii kitu. Mgeuze mgonjwa ubavu, ipitishe kati ya miguu kutoka mbele kwenda nyuma, itandaze mgongoni, mrudishe chali. Uume uelekee chini. Ukielekea juu au pembeni, mkojo unatokea kiunoni na lawama inakwenda kwa kiwanda. Vuta mbele, funga gundi za chini kwanza zikielekea juu kidogo, kisha za juu zikielekea chini kidogo. Maliza kwa kupitisha kidole kuzunguka kila paja, kingo zilizojikunja ndani zitoke nje. Vidole viwili viingie kiunoni bila shida.

Mstari wa rangi ulio nje ukianza kubadilika haimaanishi ubadilishe papo hapo. Pampasi yenye punje nzuri inaendelea kubeba. Subiri rangi ivuke nusu na kukaribia theluthi mbili. Kinyesi ni habari nyingine: badilisha mara moja, saa yoyote, kwa kuwa mchanganyiko wa kinyesi na mkojo unakula ngozi haraka.

Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni kidogo isiyo kali, ikaushwe kwa kugusagusa, isisuguliwe. Dawa za kuua vijidudu za chupa hazihitajiki kila unapobadilisha, zinakausha na kuchubua. Paka krimu yenye zinki au mafuta ya mgando, utando mwembamba wa kuonekana ngozi chini yake. Mkipaka nene inahamia kwenye pampasi, inaziba karatasi ya juu, na mkojo unaanza kukimbia pembeni ghafla bila mtu kujua sababu. Poda nayo iacheni. Inaganda kwenye mikunjo ikawa msasa. Wekundu wenye vipele vidogovidogo pembeni mara nyingi ni fangasi na unataka dawa ya fangasi, zinki haitauondoa. Wekundu juu ya mfupa wa makalio ambao ukiubonyeza haugeuki mweupe, au kwa ngozi nyeusi sehemu iliyokoza rangi, ngumu au yenye joto kuliko jirani yake, ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza, na mgonjwa anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili na muuguzi akione.

Hesabu sasa, kwa bei za mfano tu, weka za dukani kwako. Pampasi ya shilingi 1,500 ya Tanzania inayobadilishwa mara sita ni 9,000 kwa siku, 270,000 kwa mwezi. Pampasi moja nzito ya usiku ya 2,500, na pedi tatu za mchana za 1,000 ndani ya chupi ya wavu, ni 5,500 kwa siku, 165,000 kwa mwezi. Ukiweka nepi za kitambaa mchana, inabaki ile ya usiku peke yake: 75,000, ukiongeza sabuni na maji. Kwa hiyo swali la dukani lisiwe pakiti ni shilingi ngapi, bali saa 24 zinagharimu ngapi. Kariakoo na kwa wauzaji wa jumla wengine, katoni inashusha bei ya kipande, lakini usinunue katoni kabla ya kile kipimo cha maji ya chumvi.

Usipunguze maji ya kunywa ili kuokoa pampasi. Mkojo ukiwa mzito unachoma kibofu, mtu anabanwa mara nyingi zaidi, na choo kinakuwa kigumu, nacho kinasukuma kibofu. Sogeza tu chai na kahawa ziishie alasiri. Kama anakunywa vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha au moyo, muulize daktari kama vinaweza kunywewa asubuhi. Pampasi ya usiku itakuwa nyepesi zaidi.

Na zipo hali ambazo pampasi inaficha ugonjwa. Mzee anayedondosha matone mchana kutwa huku tumbo la chini limejaa na gumu huenda mkojo umezibwa na tezi dume, kibofu kinafurika, na figo ziko hatarini. Huyo apelekwe hospitali leo. Mwanamke aliyeanza kuvuja muda wote baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na inatibika kwa upasuaji; hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo kwa miaka mingi. Kuvuja kulikoanza ghafla, kukiwa na homa, maumivu au damu, nako ni kwa daktari kabla ya duka.

Zilizotumika: tupa kinyesi chooni, viringisha pampasi kwa ndani, ifunge kwa gundi zake, weka kwenye mfuko na kuipa gari la taka. Usizitupe kwenye choo cha shimo. Haziozi, zinavimba, shimo linajaa kabla ya wakati wake, na siku gari la kunyonya likija, bomba linaziba na unalipa mara ya pili.